Kula Juu ya Paa, Mji Mkongwe: Ngazi, Upepo na Pweza wa Nazi

Mji Mkongwe hauna kilima. Rasi yote, kuanzia Shangani mpaka Malindi, imelala karibu sawa na bahari, na anayetaka kuuona mji kwa juu hana budi apande nyumba za watu. Kazi ambayo miji mingine huifanyia kilimani, sisi tunaifanyia paani: ghorofa ya nne au ya tano ya jumba la kale, meza chache, upepo wa bahari, na bei isiyofanana na ya chini. Wapemba wana bahati yao. Chake Chake imekaa juu ya mwinuko, na mtu anaweza kuuona mkono wa bahari na mikoko yake bila ya kupanda kidato hata kimoja. Unguja mjini, ngazi ndiyo mlima.

Hapa tunaipima mikahawa ya paani kwa pamoja, maana sifa zake na kasoro zake karibu zote zinatoka pahala pamoja, nazo ni nyumba yenyewe. Jawabu fupi: inafaa kwenda, ila si kwa kila sahani, si kwa kila mwezi, na si kwa kila meza. Mapishi kwa kawaida hayana ubaya. Kinachoharibu jioni za wengi ni kwamba chakula nacho hupanda ngazi, na kikifika juu kimeshachoka.

Jiko liko wapi?

Majumba ya Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti nzuri haizidi sana mita tatu, ndiyo sababu vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, na ndiyo sababu mapaa haya hayapendi mzigo. Majiko makubwa, friji, magunia ya mkaa na wapishi sita si vitu vya kuweka juu ya boriti za miaka mia na zaidi. Kwa hivyo sehemu nyingi jiko la haki liko chini au ghorofa ya kwanza, na juu pana kijikoni tu cha kupashia moto, kutengeneza vinywaji na kupamba sahani. Kutoka jiko la chini hadi mezani ni ngazi tatu au nne, vidato virefu, vyembamba, vinavyokunja kona penye giza. Mhudumu mwenye sinia hakimbii hapo. Akitokeza juu anakutana na upepo. Usishangae mbatata za kukaanga zikikufikia zimelala.

Basi kanuni ya kwanza ni kuagiza kinachostahimili safari. Michuzi ya nazi inastahimili. Biriani inastahimili vizuri sana, kwa kuwa masala yake mazito yanashika moto na wali umefunikwa juu yake. Pilau nayo haina neno. Vinavyoteseka ni vya kukaanga na vya kuchoma. Sambusa ni mfano mzuri: ikifunikwa, mvuke unailowesha manda, ikiachwa wazi, inapoa kabla ya ghorofa ya tatu. Hakuna mhudumu anayeweza kuishinda hesabu hiyo. Mishikaki na samaki mzima wa kuchoma, viacheni kwa Forodhani, bustani ya pwani yenye wachomaji wa usiku, ambako jiko na mdomo vimetengana kwa hatua mbili. Samaki wa kupaka ana nafuu, kwa sababu rojo la nazi, thomu, tangawizi na ndimu linalopakwa juu yake huzuia nyama isikauke. Omba rojo la ziada katika kibakuli.

Kabla ya kuweka nafasi, uliza swali moja tu: jiko lenu liko ghorofa ya ngapi? Ukijibiwa kwamba liko ghorofa iliyo chini ya paa, una uhuru wa kuagiza karibu kila kitu. Ukijibiwa kwamba liko chini uani, rudi kwenye michuzi.

Pweza, sahani ya kupimia jiko

Tukae kidogo kwa pweza wa nazi, maana hakuna sahani inayolifichua jiko kama hii. Pweza hupigwa kwanza mpaka nyama ilegee. Kisha huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, moto mdogo, chungu kimefunikwa. Pweza wa kilo moja na nusu huchukua kiasi cha dakika 45 hadi saa nzima. Wapishi wengi hawatii chumvi mapema kwa kuhofia nyama isikaze. Akishaiva hukatwa, ndipo anapoingia katika mchuzi wa kitunguu, tungule, thomu, tangawizi, bizari na tui jepesi. Tui zito huja mwisho kabisa, moto umepunguzwa, mwiko hautulii, na likichemka mara moja chungu kinaepuliwa.

Sasa tazama ngazi zinavyoingia katika hadithi. Mchuzi umepikwa vizuri chini saa kumi alasiri. Saa moja usiku unatiwa katika kisufuria juu, unapigwa moto mkali wa gesi kwa sababu meza sita zinangoja, na hakuna mtu wa kukoroga. Tui linakatika: mafuta yanaelea upande wake, maji upande wake, na katikati vipunje vyeupe kama maziwa yaliyoganda. Ukiona hivyo, mpishi hana kosa. Kosa ni la aliyepasha. Mchuzi mzima huipaka nyuma ya kijiko utando usiokatika, una rangi ya manjano iliyofifia, na harufu ya kwanza inayokujia ni nazi, si bizari. Ikiwa utamu wake umezidi na unateleza kama gundi, hilo ni tui la kopo. Halina dhambi, ila bei ya paani ilipaswa kununua nazi ya kukuna.

Nyama yenyewe ipime kwa ubavu wa uma. Ikatike bila ya kuvutwa. Ngozi na vile vikombe vyake viwe vimeshikamana na nyama, visiwe vimeyeyuka ute. Ikiruka kama mpira, ilitolewa jikoni mapema.

Na pweza ana siku zake. Siku za bamvua, karibu na mwezi kuandama na karibu na mwezi mpevu, maji hutoka mbali, miamba hubaki wazi na watu huteremka na fimbo zao pwani. Kwetu maji ya bamvua hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi, kwa hivyo adhuhuri pweza ameshafika sokoni, na jioni yumo chunguni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa wa siku 7 au 8, na tena wa siku 22 au 23, miamba haiwi wazi kwa mwendo huo. Wapiga mbizi huwapata, lakini wachache. Pweza wa siku hizo mara nyingi ametoka kwenye barafu. Si mbaya, tena barafu humlainisha nyama. Ila asiuzwe kwa kiapo kwamba ni wa leo.

Samaki vilevile. Upepo wa kusi ukishika, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali, na nguru au jodari huwa adimu na ghali. "Samaki wa leo" si jina la samaki. Muulize mhudumu kwa adabu:

"Shekhe, samaki gani mliyenaye leo?"

"Tuna changu, bwana, na kolekole. Nguru hajaingia."

Huyo amekujibu kama mtu anayejua alichonacho. Akijibu "wote wapo, kaka", agiza kuku.

Unakiona nini, na upande gani

Wageni huonyeshwa magharibi tu, na wenye mikahawa wamevigeuza viti vyote huko. Ni kweli kwamba magharibi ndiko kwenye bahari: bandari ya Malindi na boti za Dar, ngalawa zinazorudi, kisiwa cha Bawe, na Changuu kulia zaidi, kaskazini. Kwa karibu unaiona Ngome Kongwe, na Beit el Ajaib, jumba la maajabu alilolijenga Sultani Sayyid Barghash mwaka 1883. Anayeijua Beit el Ajaib kwa kadi za zamani asitarajie picha ileile, maana sehemu ya jengo hilo, pamoja na mnara wake, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kusini kidogo inachomoza Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, na ukigeuza shingo utaliona kanisa la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa.

Lakini mji haukuishia hapo. Omba meza inayotazama mashariki walau mara moja. Huko kuna Darajani, ambako kweli palikuwa na daraja, kwa kuwa mkono wa bahari uliingia na kuutenga mji wa mawe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Ng'ambo ya pili zimejipanga nyumba za Michenzani, ndefu na za kijivu, zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Taa za sebuleni zikiwashwa dirisha kwa dirisha, jioni, mandhari hiyo haina mpinzani, na hakuna mtu anayeigombea.

Baina ya pande hizo mbili ni mabati. Zamani mapaa mengi yalikuwa bapa, ya chokaa. Mvua zikayachosha, wenye nyumba wakayafunika kwa bati. Sasa ukiwa juu unaona kutu ya rangi ya matofali, matangi meusi ya maji, madishi ya televisheni na kamba za nguo. Wapo wanaolalamika. Sisi tunaona huo ndio mji wenyewe, ukiwa umevua kanzu.

Mtaa nao una maana. Shangani unapata bahari tupu mbele yako; Africa House, iliyokuwa klabu ya Waingereza, haiko paani hata kidogo, ni roshani tu, lakini imeelekea magharibi bila ya kuzuiwa na chochote. Malindi unapata bandari na kelele zake. Hurumzi na Kiponda ziko katikati, kwa hivyo unapata mji pande zote, bahari ikiwa mbali kidogo. Hapo Hurumzi ndipo lilipo jumba la hoteli ya Emerson, linalohusishwa na Tharia Topan, tajiri wa karne ya 19 aliyeanzisha pia ujenzi wa ile zahanati kongwe ya Forodhani kuelekea Malindi. Ni miongoni mwa majumba marefu zaidi ya Mji Mkongwe. Juu watu huvua viatu na kukaa chini, kwenye mazulia na mito, na chakula huja kwa mpango mmoja wa jioni, si kwa kuchagua sahani. Mwenye goti bovu ajue hilo mapema: kukaa chini ni rahisi, kuinuka baada ya biriani ni kazi nyengine.

Jua halizami pahala pamoja mwaka mzima. Juni linazama kulia ya Bawe, baharini kabisa. Desemba limesogea kushoto sana, na kwa aliyeko Hurumzi linashukia juu ya mabati ya Shangani kabla ya kufika majini. Meza iliyokuwa bora Julai inaweza kuwa ya kutazama tangi la jirani ifikapo Januari. Unapoweka nafasi usiombe "meza ya pembeni". Omba meza ambayo jua la mwezi huu linaonekana likizama, na mwenye mkahawa anayeijua kazi yake hatasita kukujibu.

Saa

Jua la Unguja huzama kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni, mapema zaidi mwezi Mei na mwishoni mwa Oktoba, na kwa kuchelewa zaidi mwezi Februari. Likishazama, mwanga hauongezi muda. Baada ya dakika 20 au 25 ni usiku. Kwa hivyo mpango mzima unasimama juu ya nusu saa, na makosa yanayofanywa ni yaleyale kila siku: watu wanafika saa kumi na mbili, wanaagiza juisi, wanapiga picha, jua linazama, ndipo meza zote kumi na mbili zinapoita mhudumu kwa wakati mmoja. Jiko la chini linazidiwa, ngazi zinajaa, na chakula cha saa moja kinakuja saa mbili na nusu.

Fika saa kumi na moja na nusu. Agiza chakula papo hapo, pamoja na kinywaji, na utaje saa unayotaka kiletwe. Saa moja kamili ni nzuri. Juisi ya bungo au ya ukwaju inatosha kukufikisha huko. Mkate wa kuanzia, kama mmeletewa, uleni mara moja au mfunike, maana kunguru wanakuwa wanarudi kulala saa hizo. Hawa kunguru wa Bara Hindi waliletwa kisiwani miaka ya 1890, eti wasaidie kusafisha taka, na hadi leo hakuna wanachokisafisha kwa bidii kama sahani ya mtu aliyegeuka kupiga picha.

Kisha kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi, na sisi linatuhusu zaidi kuliko mchuzi. Jua likizama ndiyo sala ya Magharibi. Adhana inapanda kutoka misikiti ya kila upande, huyu ametangulia, yule amefuata, na juu ya paa unazisikia zote kwa pamoja, jambo ambalo barabarani hulipati. Ndiyo dakika nzuri kuliko zote za jioni hiyo, na ndiyo dakika ambayo anayeswali anatakiwa awe na udhu. Kuteremka msikitini na kupanda tena ni robo saa ukiacha sala yenyewe. Uliza mapema kama kuna chumba cha kuswalia na maji ya kutawadha ghorofa ya chini yake. Nyumba nyingi zina nafasi, ila hawaitaji mpaka waulizwe. Wapo wanaonyamazisha muziki adhana inapoanza, na wapo wanaoacha ganuni na fidla vishindane na muadhini. Hao wa pili tunawapunguzia alama, hata pweza wao awe laini namna gani.

Mwezi wa Ramadhani hali inageuka. Juu ya paa, kuzama kwa jua kunakuwa ndio mlo wenyewe. Tende, uji, mkate wa kumimina, sambusa na maji vinapaswa viwe mezani kabla ya adhana, na hakuna mhudumu atakayemwambia mfungaji "subiri kidogo". Ukitaka kujua kama mkahawa unaweza kuwahi, nenda ukafuturu hapo. Nafasi zinajaa, kwa hivyo piga simu siku kadhaa kabla.

Na ukiweza kuchagua siku, chagua usiku ambao mwezi ni wa siku 14 au 15. Jua linazama Bawe, huku nyuma yako mwezi unapanda juu ya Michenzani, takriban wakati mmoja. Ni siku za bamvua pia, kwa hivyo bahari hujaa kiasi cha saa kumi alasiri na inakuwa bado haijatoka sana unapofika, na pweza ni wa asubuhi hiyo. Mambo matatu kwa bei moja.

Upepo na mvua

Kusi kinapovuma Juni hadi Septemba, paa lina baridi ya kweli kwa mtu wa hapa, na mishumaa haikai. Chukua mtandio au koti jepesi, na ukae upande ambao ukuta au kizuizi cha mbao kiko kusini yako. Chakula kinapoa haraka zaidi msimu huu; kanuni ya michuzi inakuwa sheria. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni joto, na paani ndipo pahala pekee penye nafuu mjini. Mbu ni wachache penye upepo, ila yale matangi ya maji ya jirani yanawafuga, na upepo ukilala wanakuja.

Masika ni habari nyengine. Kati ya Machi na Mei, baadhi ya mikahawa hufunga kwa wiki kadhaa, na iliyobaki hutegemea makuti au turubai. Makuti mazuri hayavuji kwa mvua inayoshuka wima. Mvua yetu haishuki wima. Uliza kama kuna ukumbi wa chini yake wa kuhamia, na kama kuhama kunamaanisha meza yako au ni kugombania. Vuli hazisumbui sana, zinapita.

Hesabu

Sahani ya paani inagharimu mara kadhaa ya sahani hiyohiyo Darajani. Hilo si wizi: unalipia ngazi, idadi ndogo ya meza, na mtu anayepanda na kushuka mara thelathini kwa usiku. Wizi, pale unapokuwepo, unakaa kwenye kiwango cha dola. Tuseme mlo umeandikwa dola 25 na nyinyi ni wanne. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 ni shilingi 250,000. Mkahawa ukijitungia kiwango chake cha 2,700, ni 270,000. Elfu ishirini imetoka bila ya mtu kula chochote. Dai bei kwa shilingi kabla ya kukaa, uliza kama kodi na huduma zimo ndani, na uliza kama kadi ina nyongeza. Maswali matatu, nusu dakika.

Usipelekwe na papasi, wale vijana wanaowaongoza wageni mitaani kwa malipo. Akikufikisha mlangoni, ana chake, na chake kinatoka kwako. Ukiwa umepotea katika vichochoro, muulize mzee aliyekaa barazani. Atakuelekeza bure, na pengine atakuuliza wewe mtoto wa nani.

Sehemu nyingine zinauza pombe, nyingine haziruhusu hata kuingia nayo. Mwenye kuja na wazee wake aulize, ili asijikute akieleza mambo mezani.

Ngazi zenyewe, tuzitaje bila ya kuficha. Lifti hakuna. Vidato havilingani, cha kwanza na cha mwisho mara nyingi huwa kirefu kuliko vingine, na ndipo watu wanapojikwaa. Kwa mwenye buibui refu, mkono mmoja wa kushikia pindo na mmoja wa kushikia kamba ya ukutani. Choo mara nyingi kiko ghorofa moja au mbili chini, kwa hivyo mzee mwenye sukari au mama mjamzito atapanda paa hilo zaidi ya mara moja. Watoto wadogo tusingewashauri: kuta za pembeni za baadhi ya mapaa ni fupi, na jicho la mzazi litakuwa Bawe wakati mguu wa mtoto uko kwenye kiti. Umeme ukikatika, ngazi huwa giza totoro mpaka jenereta liwashwe, basi simu iwe na chaji ya kumulikia.

Kahawa msiagize juu. Italetwa katika kikombe kikubwa cha kizungu, imepoa, na bei ya sahani. Lipeni, teremkeni polepole, mpite Soko Muhogo mpaka Jaws Corner. Kahawa chungu inatoka kwenye birika lililokaa juu ya makaa, kikombe kidogo kisichojaa kiganja, na kipande cha halua pembeni kama kipo. Hapo jiko liko hatua moja tu na mdomo wako.